Alhamisi ya Baba Nakku

Mwezi uliopita nilikwenda soko la Owino kutafuta mashuka. Nilikuwa nimetoka kuongea kwa simu na mama mmoja Mkongomani ambaye tunauza naye vitenge, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa bado mdomoni, na bila kufikiri nikamuuliza bibi muuza mashuka, "Mama, hii ni pamba tupu?" Bibi mwenyewe alikuwa amekula chumvi nyingi. Aliacha kutafuna karanga zake. Akalikunja shuka, akanisukumia kifuani, akasema, "Twala, nyabo. Chukua tu, mama." Nilikuwa hata sijauliza bei. Nikabadilisha lugha haraka, nikamsalimia kwa Luganda, nikamtania kidogo, lakini hakunitazama tena usoni. Nililipa, nikaondoka na shuka nisilolitaka.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Kampala hamhitaji maelezo. Wanangu ndio waliocheka nilipowasimulia. Kwao Kiswahili ni lugha ya muziki wa Nairobi na ya biashara ya mpakani. Kwangu mimi ni lugha ya mama yangu, na mama tumemzika juzi tu, ndiyo maana siku hizi kila kitu kinanirudisha kule.

Tulikuwa watu wa kaskazini. Baba alikuwa Mwislamu, sajenti, dereva wa lori la jeshi. Mama alikuwa Mkatoliki aliyesali rozari huku akikoroga ugali. Tuliishi kwenye kota za wanajeshi, nyumba zilizopangwa safu kwa safu, na kila mlango ulikuwa na kabila lake, lakini uani wote tulikutana kwenye Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha vitabu. Kilikuwa na amri nyingi, matusi kiasi, na mapenzi tele. Nilibembelezwa kwa Kiswahili hicho na kuchapwa kwa hicho hicho.

Nakumbuka, kwa mbali, siku wanajeshi walipoitwaa serikali. Nilikuwa mdogo wa kubebwa. Watu wa mjini walivunja matawi ya miti, wakalipamba lori la baba, wakacheza juu yake mpaka nikaogopa litapinduka. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinitia ndizi mkononi, zile ndogo tamu, akanibusu. Sitaki kudanganya hapa. Ilianza kwa furaha. Redioni tukaambiwa kwamba nchi sasa ni ya wananchi wenyewe, kwamba taabu zetu zote zililetwa na wageni. Baadaye Wahindi wakaondoka na masanduku yao, na maduka yao yakapata wenyewe wapya, wengi wao wamevaa sare. Shuleni tulimwimbia Mkuu wa nchi kila Jumatatu. Vyeo vyake viliongezeka mwaka hadi mwaka, na mwalimu mkuu akivitaja vyote ilimbidi avute pumzi katikati. Mimi nilipenda sana. Nilidhani ndivyo nchi inavyokua.

Kisha sukari ikaadimika, na chumvi, na sabuni ya mche. Hapo ndipo kichwa changu kilipovimba. Mama alipoanza kunituma soko la Nakasero peke yangu na kikapu, niligundua kwamba nikiongea Kiswahili mambo yanakuwa rahisi. Laini ya watu inafunguka yenyewe. Muuzaji anatabasamu, anatoa kilo ya sukari chini ya meza, anauliza kama baba hajambo. "Wewe toto ya kota?" waliniuliza, nami nilijibu kwa fahari, "Ndiyo, baba yangu ni sajenti." Nilirudi nyumbani na kikapu kizito na moyo mwepesi. Niliamini kabisa kwamba watu wa Kampala wanatupenda.

Mama ndiye aliyenitia aibu. Yeye akienda mwenyewe sokoni alisimama kwenye laini mpaka jua linamchoma, na akaongea Luganda yake mbovu, ya kuchekesha, wakati lugha ya kufungua milango alikuwa nayo mdomoni. Siku moja nikamvuta kitenge. "Mama, sema Kiswahili watupitishe." Akanifinya sikio papo hapo, mbele za watu.

"Sisi iko watu kama hawa," akasema kwa sauti ya chini. "Tutangoja kwa laini."

Nilimwona mama mwoga na mshamba. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri, na sasa hayupo nimwombe radhi.

Wakati huo ilikuwa imekwisha kutangazwa redioni kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na siku moja shule yetu, shule ndogo ya msingi chini ya mlima wa Kibuli, ikaletewa amri ya kukifundisha. Tatizo ni kwamba hakuna mwalimu hata mmoja aliyekijua. Mwalimu wetu wa darasa, bwana mpole wa miwani, Mganda wa kuheshimu kila mtu hadi watoto, alifanya alichoweza. Aliniita mbele. "Zaituni," akaniambia, "wewe ni mutoto wa lugha hii. Tufundishe."

Hebu fikiria. Mtoto wa miaka kumi na moja, na mwalimu amekaa kwenye dawati la nyuma ameshika kalamu kama mwanafunzi. Nikajiuliza nianze na nini. Nikaanza na nilichokijua vizuri zaidi, maneno ya mchezo wetu mkubwa wa kota. Tulikuwa tukiweka kamba njiani na kucheza kizuizi cha barabarani, wengine askari, wengine raia. Basi nikasimama kama baba anavyosimama, nikapaza sauti, na darasa zima likaitikia.

"Simama!"

"Simama!"

"Toa kitambulisho!"

"Toa kitamburisho!"

"Fungua mlango! Vua viatu! Panda gari!"

Mwalimu aliyaandika ubaoni yote, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, na maana yake kwa Luganda pembeni. Alipofika kwenye "panda gari" chaki ikasimama. Nikageuka kuona anatazama nini.

Alikuwa anamtazama Nakku, msichana aliyekaa karibu na dirisha, mpole, hodari wa hesabu. Nilipokuwa nasema "fungua mlango" niliona amegeuka kutazama mlango wa darasa. Sasa alikuwa amesimama. Viatu alikuwa amevivua, amevishika mkononi. Hakulia. Alipita katikati ya madawati taratibu, miguu mitupu, akatoka nje.

Mwalimu alifuta ubao mzima kwa mkono, hakutafuta hata dasta. "Kiswahili cha leo kimekwisha," akasema. Nilichukia. Nilidhani Nakku ananionea wivu.

Wakati wa mapumziko nilimfuata nyuma ya choo cha shule nimwambie ukweli wake. Alikuwa amekaa kwenye tofali. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, kwa Luganda, kwamba maneno yale aliyajua tayari. Watu walikuja nyumbani kwao na kuyasema, kwa mpangilio ule ule, wakamchukua baba yake. Baba yake alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali kule Nakasero. Ilikuwa Jumatatu, alikuwa amevaa tai kwenda kazini, wakamvua viatu, wakamweka kwenye gari, na tangu siku hiyo ilikuwa mwezi wa pili hawajui aliko. Kosa lake silijui hadi leo.

Mtu mwenye akili angesema pole. Mimi nilifurahi, kwa sababu niliona nina dawa. "Baba yangu ana lori," nikamwambia. "Anawajua watu wote wenye magari. Nitamwambia amrudishe." Nakku akavaa viatu vyake. Nilikuwa nimeahidi, na yeye alikuwa ameniamini. Kila asubuhi tangu siku hiyo alinisubiri getini, haniulizi kitu, ananitazama tu.

Nilimwambia baba wakati wa chakula cha jioni, jua likiwa bado halijazama. Nilimtajia jina la yule bwana, ofisi yake, hata tai. Baba alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani.

"Nani alikufundisha kuuliza hiyo?"

"Hakuna. Ni baba wa rafiki yangu."

"Usiuliza hiyo tena. Umesikia mimi?" Hakunikemea, sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. Akanawa mikono, akatoka, akaenda kukaa ndani ya lori lake lililoegeshwa uani, akafunga mlango. Mama alikuwa amesimama jikoni na mwiko. Alikuwa amesikia kila neno.

Jumamosi yake Mama Nakku akaja mwenyewe kota. Bila shaka binti yake alikuwa amempelekea ile ahadi yangu. Alikuja na kuku kwenye kikapu, amevaa gomasi, lile gauni refu la Kiganda, ile yake nzuri ya kanisani, na alipomwona baba akapiga magoti kwenye saruji, kama wanawake wa Kiganda wanavyosalimia. Mimi nilisimama pembeni nikijisifu kimoyomoyo. Niliona heshima tu, nikaona mambo yanakwenda vizuri.

"Ssebo, bwana," alisema, "mimi siombi kitu kikubwa. Kama bado iko muzima, nambie. Kama hayuko, nambie vilevile."

Baba hakumtazama. Aliangalia magurudumu ya lori. "Mimi dereva tu, nyabo," akasema. "Dereva naangalia barabara. Nyuma hapana angalia."

Mama Nakku akabaki amepiga magoti kitambo. Kisha mama yangu akamwinua kwa kumshika viwiko, akamrudishia kuku wake, akamsindikiza mpaka barabarani. Tangu siku hiyo baba alipungua. Sijui niseme vipi. Sare ilikuwa ile ile, mtu ndani yake akawa mdogo.

Kwa Mama Nakku shida haikuwa huzuni peke yake. Kwa desturi yao mtu akifa, ukoo unakusanyika baada ya mazishi kuondoa matanga. Wanaiita kwabya olumbe, kukifukuza kifo nyumbani, na hapo mrithi anaketishwa, anavishwa nguo ya magome ya mti mbele ya wote. Lakini utamwondolea matanga nani kama hujui amekufa? Mdogo wa kiume wa Nakku hakuweza kurithi jina la baba. Mama Nakku hakuwa mke, hakuwa mjane. Watu walikuwa hawajui wamsalimie vipi. Chakula cha mzee kiliwekwa mezani na kuondolewa, kila siku.

Kisha redio ikaanza kupiga kelele juu ya mpaka wa kusini. Ardhi ile hadi mtoni ni yetu, ikasema, tumeichukua, na kota nzima ikacheza ngoma. Malori yalirudi kutoka kule na mabati, baiskeli, mbuzi, hata vitanda. Baba za wenzangu walileta redio. Baba yangu alirudi na lori lililojaa matope tu, nikaona aibu mbele ya rafiki zangu. Alilala siku mbili. Alipoamka akatia maji kwenye rejeta, akanishika kichwa, akaondoka tena kuelekea kusini. Nikakimbilia shule kumpa Nakku habari. "Amekwenda kumchukua baba yako," nikamwambia. Niliamini hivyo kwa moyo wote. Kwangu ilikuwa wazi kwamba baba, aliyeshindwa kusema mbele ya mama yule, sasa amekwenda kulimaliza jambo kimyakimya.

Hakurudi. Wale tuliokuwa tumechukua ardhi yao walikuja na jeshi lao, wakasonga mbele mwezi baada ya mwezi, mpaka mizinga ikawa inasikika kutoka upande wa ziwa na vikombe vinatikisika kabatini. Wanajeshi wetu walikimbilia kaskazini, wengine wamesahau hata wake zao. Asubuhi moja kota zilikuwa zimebaki na wanawake na watoto, na watu wa mjini walikuwa wanakuja na marungu kuchukua chao. Sikuelewa. Walikuwa ni wale wale wa Nakasero, wale wa kutabasamu. Nilimwona mmoja aliyenipa sukari mara nyingi, amebeba godoro la jirani yetu, na nilipomwita kwa Kiswahili kama kawaida aligeuka na uso ambao sikuwahi kuuona. Hapo ndipo nilipojua kwamba hatukupendwa hata siku moja. Nililia kuliko nilivyolia kwa ajili ya baba.

Aliyetutoa pale ni Mama Nakku. Aliingia uani akiwa ameshika gomasi mbili mkononi, akamvisha mama moja, nyingine akanifunga mimi kichwani na mabegani kama mgonjwa. "Huyu usimwongereshe," akamwambia mama kuhusu mimi. "Akifungua mudomo tumekwisha." Tukapita katikati ya watu mpaka Kibuli, yeye mbele akiwasalimia wote kwa Luganda tamu, sisi nyuma kama ndugu zake kutoka kijijini.

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini alifanya vile. Utotoni nilidhani ni huruma. Nilipokua nikaona ukweli mwingine, kwamba mama yangu ndiye mtu wa mwisho aliyebaki ambaye angeweza kujua alikokwenda baba yake Nakku, na hakutaka apigwe mawe na kufa na habari hiyo. Labda ni yote mawili. Alitupa chumba cha nyuma na blanketi zuri, na siku tatu za kwanza hakuuliza kitu. Lakini kila gari lilipopita barabarani aliinuka. Awe anapika, awe anasali, aliinuka na kwenda dirishani, kisha akarudi kukaa. Mama yangu alikuwa anamtazama.

Siku ya nne walikuwa wanamenya matoke, wao wawili, mimi na Nakku tukipokea na kuyafunga kwenye majani. Gari likapita. Mama Nakku akainuka, akarudi. Ndipo akauliza, akitazama kisu chake.

"Bwana yako hakukwambia kitu? Hata kimoja?"

Mama yangu akaacha kumenya. "Alinambia," akasema. "Ilikuwa Alhamisi. Ile wiki yenyewe walimuchukua."

"Asubuhi au jioni?"

"Asubuhi mapema. Ilikuwa mara moja tu. Hapana teseka."

Mama Nakku akaweka kisu chini. Akafuta mikono, akafungua mlango wa mbele, akasimama kizingitini, akapiga ukemi, ule ukelele wa msiba ambao mtaa mzima unaujua, na majirani wakaanza kuja mbio. Nakku aliniangalia. Hakunilaumu, wala hakulia bado. Alinipa jani alilokuwa ameshika, akaenda kumshika mama yake.

Vita vilipotulia walizika kanzu ya Baba Nakku kijijini, imefungwa kwenye nguo ya magome. Kijana akaketishwa kurithi. Mama Nakku akavua ukanda wa gomasi kama wajane wanavyofanya, na baadaye, miaka ikipita, alianza kucheka tena. Sisi tulikwenda kwa wajomba kaskazini, tukarudi Kampala nilipokuwa msichana mkubwa. Nakku na mimi tumebaki marafiki, marafiki wa kugombana na kupatana. Kila mwaka familia yao inasali kaburini Alhamisi ya mwezi ule, na mimi huenda.

Sasa mwezi wa mwisho wa uhai wake, mama yangu alinishika mkono hospitalini akaniambia, "Zaituni, ile Alhamisi niliitunga."

Sikuelewa kwanza. Akanieleza pole pole, kwa Kiswahili chake cha kota. Baba hakumwambia chochote, hata siku moja. Mama mwenyewe hakujua kama yule bwana alikufa wiki ile, au mwaka ule, au wapi. "Mama yule alikuwa hapana weza kukaa chini," akasema. "Nikaona nimupe siku."

Niliubeba mzigo huo peke yangu mpaka Alhamisi ya sala ilipofika. Nilikuwa nimeapa sitasema. Lakini tulipomaliza sala, wengine wamekwenda kula, tukabaki mimi na Nakku kaburini tunang'oa magugu, nywele zetu zote nyeupe, na nikashindwa. Niliona nimemdanganya mara mbili utotoni, kwa lori na kwa vita, siwezi kumdanganya hadi uzeeni. Nikamweleza yote kama mama alivyoniambia. Nilijua naweza kumpoteza pale pale, na kwamba kaburi lile linaweza kurudi kuwa shimo lenye kanzu.

Nakku aliendelea kung'oa magugu mpaka akamaliza upande wake. Kisha akajifuta udongo mikononi.

"Waliomchukua hawakumpa siku," akasema. "Serikali zote zilizokuja hazikumpa siku. Mama yako alimpa." Akanyoosha mkono nimwinue, magoti yake siku hizi hayamsaidii. "Mwaka ujao ni Alhamisi vilevile. Usichelewe."